Ameruhusiwa, Hajapona

Hospitali ina neno lake na mtaa una lake. Siku mgonjwa aliyepitia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, anapopewa karatasi ya kwenda nyumbani, wauguzi husema ameruhusiwa. Gari likishapita stendi ya Magufuli na kukata kona kuingia mitaa ya Mbezi Luis, majirani husema amepona. Kuku anachinjwa, dua inasomwa, simu zinapigwa Singida na Mbinga. Kati ya kuruhusiwa na kupona kuna miezi mingi ambayo hakuna aliyemtajia mgonjwa, na ndani ya miezi hiyo yupo mtu anayekwenda kuoga kisha akahitaji kujilaza saa nzima kabla ya kuvaa shati.

Uchovu huo ndio ninaoujadili. Mtu aliyeshinda akibeba zege huchoka, akalala, akaamka na nguvu zake. Huyu wetu huamka na uchovu wake, akashinda nao, akalala nao. Kusoma ujumbe mrefu kwenye simu kunamchosha. Wageni watatu wakizungumza kwa pamoja sebuleni wanamchosha kuliko jembe. Hoja yangu ni kwamba uchovu huu ni sehemu ya ugonjwa uleule uliompeleka ICU, kwamba baadhi ya sababu zake zinapimika na kutibika hapahapa mjini, na kwamba madhara yake makubwa zaidi hutokana na kutoambiwa mapema kwamba upo.

Naandika kutoka Mbezi kwa makusudi. Hospitali ya Mloganzila iko jirani, ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Kibamba. Watu wetu wanalazwa huko, au Muhimbili Upanga, au taasisi ya mifupa ya MOI wakiwa wamevunjika au kuumia kichwa, na wa upande wa pili wa jiji wanalazwa Mwananyamala, Amana na Temeke. Tofauti inaanza wanaporudi. Makabe, Msumi, Msakuzi na Malamba Mawili ni vilima na makorongo. Bodaboda inakushusha pale barabara inapokubali, na palipobaki unapanda kwa miguu. Vipimo vya nguvu vinavyotumika duniani hufanywa kwenye korido tambarare ya hospitali. Sisi korido hiyo hatuna.

ICU ilizaliwa kwa kazi moja, kuzuia kifo. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliivamia Copenhagen, na katika hospitali ya Blegdam watu waliopooza misuli ya kupumulia walikuwa wakifa, zaidi ya 8 kati ya kila 10. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, wakikamua mifuko ya hewa kando ya vitanda, na vifo vikashuka chini ya nusu. Kutokana na zamu zile likaja wazo la wodi maalumu ya wagonjwa mahututi. Kwa miongo mingi baada ya hapo, ubora wa wodi hizo ulipimwa kwa swali moja: ametoka hai? Ilikuwa mwaka 2010 ndipo chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi cha Marekani kilipoitisha mkutano kuhusu maisha ya waliotoka hai, na mwaka 2012 matokeo yakachapishwa yakiwa na jina rasmi la hali hii: mkusanyiko wa dalili za baada ya ICU, unaogusa mwili, fahamu na moyo wa mtu. Ndugu wa mgonjwa nao walihesabiwa humo, maana wao pia hutoka wameumia.

Kabla ya jina, takwimu zilikuwa zimeshaanza kusema. Daktari Margaret Herridge wa Toronto na wenzake waliwafuatilia watu 109 waliopona ugonjwa mkali wa mapafu, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Hawakuwa wazee, umri wa kati ulikuwa kama miaka 45. Walitoka ICU wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao, yaani mtu wa kilo 70 kabaki na kilo 57 na kidogo. Mwaka mmoja baadaye mapafu yao yalikuwa yamekaribia hali ya kawaida, lakini katika dakika 6 za kutembea walifika mita 422, theluthi mbili ya kile kinachotarajiwa kwa watu wa umri na maumbile yao. Nusu tu ndio waliokuwa wamerudi kazini. Walipopimwa tena baada ya miaka 5, mita zilikuwa 436.

Soma tena takwimu hizo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo familia nyingi hazilielewi. Kilichowaingiza ICU kilikuwa mapafu, na mapafu yalipona. Kilichowabakisha wakiwa dhaifu kilikuwa kingine.

Kwanza ni misuli. Mtu mwenye afya akilala tu bila kuinuka hupoteza nyama polepole. Mgonjwa mahututi hupoteza kwa kasi ya kutisha kwa sababu mwili wenyewe unaivunja misuli ili upate malighafi ya kupambana. Watafiti wa London waliipima misuli ya mbele ya paja kwa ultrasaundi na mwaka 2013 wakaripoti kwamba ndani ya siku 10 ilikuwa imepungua karibu asilimia 18. Siku 10! Pili ni mishipa ya fahamu. Mwaka 1984 Charles Bolton wa Kanada aliripoti habari za wagonjwa 5 ambao maambukizi makali yaliwaharibia mishipa ya mikono na miguu kiasi kwamba walishindwa kuachishwa mashine ya kupumulia. Mgonjwa wa namna hii akifika nyumbani husema miguu si yake, au nyayo zinawaka moto usiku. Halafu kuna mitokondria, vinu vidogo vinavyotengeneza nishati ndani ya chembe za mwili, ambavyo navyo huharibika katika maambukizi makali. Na kuna damu: ugonjwa unazuia uboho kutengeneza mpya, huku maabara ikichukua chupa ndogo kila asubuhi. Kwetu sisi, ambao wengi huingia hospitali tukiwa tayari na damu pungufu kwa malaria, minyoo au uzazi wa karibukaribu, upungufu huo huanzia chini zaidi.

Ubongo nao unatoka umechoka. ICU haina usiku. Taa zinawaka, mashine zinalia, mtu anageuzwa, anafyonzwa makohozi, anachomwa sindano. Wengi huweweseka. Utafiti wa Vanderbilt, Nashville, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 821, karibu robo tatu waliwahi kuweweseka wakiwa hospitalini. Na miezi 3 baadaye, 4 kati ya 10 walipata alama za majaribio ya akili zinazofanana na za mtu aliyeumia kichwa kwa kiwango cha kati. Kwa lugha ya nyumbani: anasahau sufuria jikoni, hawezi kujumlisha mauzo ya siku, anashindwa kufuata mazungumzo. Kufikiri kunamgharimu nguvu ambazo zamani hakuzihesabu, na jioni inamkuta hoi ingawa hakuinua kitu.

Kuweweseka kuna mkia mrefu kwetu. Mgonjwa anarudi akiwa na kumbukumbu zilizo wazi kabisa za watu waliomfunga kamba, wa marehemu bibi yake aliyesimama mguuni pa kitanda, wa wauguzi waliopanga kumuua. Kamba ilikuwa kweli, pengine: mikono hufungwa ili asing'oe mpira wa kupumulia. Mengine ni kazi ya homa, dawa za usingizi na ubongo uliokosa hewa. Lakini hakuna aliyemweleza, na yeye anaogopa kusema, au anasema na familia inasikia majini. Simlaumu anayekwenda kwa shehe au kwa mchungaji kuombewa. Sala imewavusha wengi. Ninachosikitikia ni mtu kuacha kliniki na dawa za presha kwa kuwa ameambiwa ugonjwa wake si wa hospitali, na usiku halali kwa hofu, na mchana uchovu unakuwa mara mbili.

Tanzania iko wapi katika hili? Uchambuzi wa kumbukumbu za ICU za hospitali 4 za rufaa nchini, uliochapishwa mwaka 2014, ulihesabu wagonjwa 5,627, na asilimia 41 kati yao walifariki. Idadi hiyo inatisha, na ndiyo iliyovuta macho. Geuza upande wa pili: asilimia 59 walitoka hai, watu wapatao 3,300. Tangu wakati huo ICU zimeongezeka. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na janga la UVIKO-19 mwaka 2021 ulijenga majengo ya wagonjwa mahututi na ya dharura katika hospitali nyingi ambazo hazikuwa nayo. Kila kitanda kipya kinachofanya kazi yake kinaongeza idadi ya watu watakaorudi nyumbani wakiwa na uchovu huu. Ni gharama ya mafanikio, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye bajeti.

Tena ICU yenyewe ni kipande kidogo. Utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2025, uliopita hospitali 180 katika nchi 22, ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya hao mahututi walikuwa wakihudumiwa katika wodi za kawaida. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa alivuka mto uleule bila kuiona mashine ya kupumulia hata siku moja: mama aliyepata kifafa cha mimba, kijana mwenye malaria kali ya ubongo, dereva wa bodaboda aliyepasuka wengu. Hawa hawatasema walikuwa ICU. Wakichoka miezi 4 baadaye, hakuna wa kuunganisha uchovu na kitanda kile.

Mama wa kifafa cha mimba nataka nimsimamie kidogo. Takwimu za Toronto ni za watu wa makamo wenye mahali pa kulala mchana. Huyu ana miaka 23, amepoteza damu, ametoka kwenye dawa za kuzuia degedege, na anakabidhiwa mtoto anayenyonya kila baada ya saa 2. Mama mkwe aliyekuja kumsaidia anaanza kwa huruma. Wiki ya sita anauliza kwa upole, "Mwanangu, ulilala mwezi mzima hospitalini, bado tu hujachoka kulala?" Swali halina ubaya moyoni mwa mwulizaji. Lakini uchovu na uvivu, kwa anayetazama kutoka nje, vina sura moja: mtu amekaa wakati kazi ipo. Mgonjwa mwenyewe huanza kuamini kuwa ni mvivu, na hapo ndipo anapoanza kuficha, kujilazimisha, kuanguka, kisha kulala siku 3.

Nisieleweke kwamba kila uchovu baada ya ICU uachwe upite wenyewe. Kosa hilo ni baya kama lile la kuuita uvivu. Kabla ya kusema "ni kawaida", kuna vitu vya kupima: wingi wa damu, sukari, figo, chumvi za mwili, tezi ya shingo, malaria, VVU, makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Vingi kati ya hivyo hufanyika katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Orodha ya dawa nayo ikaguliwe, maana wapo wanaoendelea kumeza dawa za kutuliza au za presha kwa dozi ya siku walizokuwa mahututi. Na zipo dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Mzazi anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali huenda moyo wake umedhoofika. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kunaweza kuwa damu iliyoganda. Aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza kupumua kwa mlio kama filimbi, njia yake ya hewa inaweza kuwa inaziba kwa kovu. Huyo apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Huzuni isiyokwisha, kutotaka kula, kusema heri ningekufa, nako ni kwa daktari, na kunatibika.

Mbezi, kama kwingine Dar, tiba ya kwanza ya "mwili hauna nguvu" ni dripu. Mtu anapita kwenye zahanati au duka la dawa, anatundikiwa maji ya sukari yenye vitamini za njano, anatoka akijiona mzima hadi jioni. Fedha hiyo ingenunua mayai ya wiki mbili. Msuli unajengwa kwa protini na kwa kutumika: mayai, dagaa, maharage, samaki, maziwa, uji wenye karanga, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa tumbo la aliyelishwa kwa mpira wa puani halipokei sahani iliyojaa. Mwenye figo mbovu amuulize daktari wake kwanza kiasi cha protini. Supu ya kongoro ina raha yake, lakini isiwe ndiyo chakula cha siku nzima.

Kuhusu mazoezi, sayansi yenyewe haijatulia, na heri msomaji aujue ukweli huo kuliko kuuziwa uhakika wa bandia. Mwaka 2009 utafiti wa wagonjwa 104 huko Chicago na Iowa ulionesha kuwa kuwaanzishia mazoezi wakiwa bado kwenye mashine kulisaidia: asilimia 59 walitoka hospitalini wakiweza kujihudumia, dhidi ya 35. Mwaka 2022 jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 750, liliongeza kipimo cha mazoezi hayo juu ya yale ya kawaida. Hakukuwa na faida, na matukio mabaya yaliongezeka. Huko Scotland, mwaka 2015, wagonjwa 240 waliotoka ICU walijaribiwa: wengine walipewa mazoezi na lishe ya ziada wodini, wengine huduma ya kawaida. Nguvu hazikutofautiana. Kilichotofautiana ni kiwango cha kuridhika: waliopewa mtu wa kuwafuatilia na kuwaeleza waliridhika zaidi na huduma.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kutembea ni dawa, na dawa ina dozi. Wapo pia wachache ambao uchovu wao unafanana na ule ugonjwa wa uchovu sugu unaojulikana kwa tabia moja, kwamba juhudi ya leo inalipwa kwa kuanguka kesho. Kwa ugonjwa huo, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kabisa kupendekeza mazoezi yanayoongezwa kwa ratiba isiyojali hali ya mgonjwa. Kwa hiyo kipimo kizuri nyumbani ni kesho yake. Umeinuka kitini mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, kesho umeamka kama jana: ongeza moja. Umetembea hadi dukani, kesho na keshokutwa huwezi kunyanyua kichwa: dukani ni mbali mno kwa sasa, ishia kwenye mwembe. Kazi nzito na ya kichwa zisikae siku moja. Kuoga kwa kukaa kwenye kigoda, kumenya viazi kwa kukaa, kupumzika kabla nguvu hazijaisha. Anayeweza kufika kwa mtaalamu wa mazoezi tiba afike hata mara mbili, aandikiwe ratiba ya kuifanya mwenyewe; nauli na foleni za kila wiki zisimmalize.

Suala la kazi ndilo linalonikera kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ni kinga ya maana kwa aliyevunjika mkono. Kwa aliyetoka ICU inakatika mwezi wa nne na ushee, wakati wale wa Toronto, katika nchi yenye uwezo, nusu yao hawakuwa wamerudi kazini mwezi wa kumi na mbili. Na mwajiriwa ndiye mwenye nafuu. Bodaboda wa mkataba anadaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki. Mama lishe asipowasha jiko alfajiri, wateja wanahamia meza ya jirani. Hawa hurudi kazini mapema kwa sababu hawana hiari, na bodaboda ambaye fahamu zake bado ni nzito akiwa katikati ya malori ya barabara ya Morogoro anaweza kurudishwa MOI kwa machela.

Kinachoweza kufanyika si cha kusubiri fedha za nje. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unataka mgonjwa aonwe tena miezi 2 hadi 3 baada ya kutoka ICU, aulizwe kuhusu nguvu, kumbukumbu, usingizi na huzuni. Kliniki ya namna hiyo, siku moja kwa mwezi, inaweza kukaa Mloganzila au hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa ikiwa na daktari mmoja, muuguzi wa ICU na mtaalamu wa mazoezi tiba. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la wahudumu zaidi ya 137,000, unapita mlango kwa mlango. Aliyetoka ICU aingie kwenye orodha yao kama anavyoingia mjamzito na mtoto mchanga. Waajiri wanaweza kumpokea mtu kwa nusu siku kwanza. Na ndugu anayeshinda kwenye benchi nje ya ICU anaweza kununua daftari na kuandika kila siku kilichotokea: leo umetolewa mpira, leo umefungua macho, mikono ilifungwa kwa sababu hii. Ulaya madaftari hayo yamepimwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 uliona yanapunguza kiwewe, mwingine wa Ufaransa wa mwaka 2019 haukuona tofauti. Mimi ningeandika hata hivyo. Mtu aliyepoteza wiki 3 za maisha yake ana haki ya kuzisoma.

Kwenu wauguzi na madaktari mnaosaini karatasi za kuruhusu wagonjwa: chini ya orodha ya dawa ongezeni mstari mmoja, kwa Kiswahili. "Utachoka kwa miezi mingi, ni sehemu ya ugonjwa, rudi tukuone baada ya miezi 2." Kisha msomeeni kwa sauti, mbele ya ndugu aliyekuja kumchukua.